"Ni mtoto tu yule": tunayodanganyana kuhusu mapenzi ya watu wenye ulemavu wa akili

Mdogo wangu alizaliwa Tukuyu, mkoani Mbeya, na alichelewa kulia. Leo ana miaka 29, anafagia na kuosha vyombo kwenye mgahawa mmoja Uyole, na tangu mwaka juzi ana mchumba. Tangu neno hilo litamkwe nyumbani, nimepewa ushauri wa bure na kila mtu, kuanzia mama wa nyumba ya tatu hadi kondakta wa daladala. Nimeyakusanya hapa yanayorudiwa zaidi.

"Kwani huyo si mtoto tu?"

Mwalimu akisema akili ya mtu ni ya mtoto wa miaka saba, anazungumzia kusoma, kuhesabu na kupanga mambo. Mwili hauhusiki. Binti mwenye ulemavu wa akili kwa kawaida huvunja ungo umri ule ule wa wenzake, na kijana naye hubalehe, hununa bila sababu, hupenda.

Sisi tulimwogesha mdogo wangu uani mpaka akafika miaka 16, majirani wakipita, tukidhani ni wema. Alipoanza kujishika mbele ya wageni, tukamchapa. Ilinichukua muda kuelewa kosa lilikuwa la nani: mtu ambaye hajawahi kufungiwa mlango atajuaje kwamba kuna mambo ya nyuma ya mlango? Fimbo haikusaidia kitu. Tulimpa chumba chenye komeo, tukawa tunabisha hodi, na tukarudia maneno yale yale kwa miezi: "Hilo ni la chumbani." Yakaeleweka.

(Na tafadhali, ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Mgonjwa wa akili anaweza kutibiwa akapata nafuu. Mdogo wangu haumwi. Anaelewa polepole, basi.)

"Ukimwambia, utamwamsha"

Ndiyo sababu shangazi akiwakalisha mabinti chini, mwenye ulemavu hutumwa dukani. Lakini hamu huja na mwili, haisubiri somo. Kinacholetwa na somo ni maneno. Mtoto anayejua kusema uume, uke, matiti anaweza kueleza alichofanyiwa. Anayejua "dudu" peke yake atasema "kanipa dudu", na mama atadhani ameona mende.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa sana. Watoto hawa tunawafundisha utii kuliko wote. Kaa hapa. Vua. Msalimie. Mpe mkono. Anayetii kila mtu mzima tunamsifu kwamba ana adabu, kisha tunashangaa hakupiga kelele alipobakwa. Na anayefanya unyama huo mara nyingi si mgeni kutoka mbali, ni mtu ambaye mtoto huyo amezoea kumtii.

"Hapana" hujifunzwa kwenye vitu vidogo. Leo wali au ndizi? Sweta jekundu au la bluu? Akikataa kukumbatiwa na mjomba, mjomba aridhike na mkono. Tulipoanza zoezi hili kwetu, mdogo wangu alikataa kila kitu kwa wiki mbili, hata uji. Mama alikasirika sana. Mimi nilifurahi.

Huku kwetu kutojua kuna gharama. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati kitaifa ni 4.4. Kondomu inafundishika kwa picha, kwa ndizi, kwa kurudia mara kumi. Wapo pia wanaoamini, kwa maneno ya waganga, kwamba kulala na mtu mwenye ulemavu huondoa virusi au huvuta utajiri. Haviondoki, na utajiri hauji. Ni ubakaji, na kifungo chake kwa kawaida hakipungui miaka 30. Likitokea, usimwogeshe na usifue nguo zake. Nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto mpate PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, au anzeni hospitali ikiwa kaumia. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kikao cha ukoo kinaweza kuzimaliza zote.

"Amechomwa sindano, hana shida tena"

Sindano ya miezi mitatu huzuia mimba. Haizuii VVU, haizuii kaswende, haimzuii mbakaji. Kwa mbakaji ni nafuu, maana ushahidi hautaota tumbo. Binti anayeitaka apewe baada ya kuelezwa. Lakini kumfunga mtu kizazi bila ridhaa yake, eti kwa sababu ni mlemavu, kunapingana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ibara ya 23. Tanzania iliuridhia mwaka 2009.

"Watazaa wa aina hiyo hiyo"

Hapa mtu wa Nyanda za Juu Kusini angepaswa kuwa wa mwisho kusema. Wazee wetu wanakumbuka shingo zenye rovu. Udongo wa milima hii umeoshwa na mvua, madini joto ni haba, na mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto huathirika tangu tumboni. Ndiyo maana miaka ya 1980 watu waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na baadaye yakatiwa kwenye chumvi. Ulemavu wa namna hiyo unakingwa kwa chumvi ya jikoni. Hautoki kwenye damu ya ukoo. Wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, kama mdogo wangu, au waliugua homa ya uti wa mgongo, au malaria ikapanda kichwani. Hakuna kati ya haya linalorithiwa. Sababu za kurithi zipo, na mama mwenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada) anaweza kumzaa mtoto mwenye hali hiyo, karibu nusu kwa nusu. Hilo ni la kuongea na daktari kabla ya mimba.

"Sheria hairuhusu waoane"

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 16, inataka ridhaa ya hiari. Kuhusu ulemavu wa akili, inauliza kama hali hiyo inamzuia mtu kuelewa kikamilifu maana ya tendo la kufunga ndoa. Swali ni kuelewa, si jina la ulemavu.

Kwa hiyo tuliuliza. Mchumba alisoma naye kitengo kimoja cha elimu maalumu. Tulimkalisha peke yake, bila mdogo wangu na bila mama yake, na mhudumu wa afya mwenye picha: unajua kulala pamoja ni nini? Mimba je? Ukichoka naye unafanyaje? Swali la mwisho alilijibu haraka: "Narudi kwetu." Mdogo wangu naye akaulizwa siku nyingine. Yeye alishindwa la mimba, tukarudia picha, akaulizwa tena baada ya mwezi. Kupika watajifunza kwa dada yangu. Kodi ya nyumba nitaishika mimi, nao wanalijua hilo na wamelikubali.

Mshenga amepatikana. Baba wa binti ametaja ng'ombe watatu, na kila jioni nikipita mgahawani mdogo wangu ananiuliza swali moja: "Dada, wawili wa kukopa wanahesabika?"