Beaches: tunachokosea kila tunapoisimulia

Ukiitaja Beaches, filamu ya Garry Marshall ya mwaka 1988, jibu huja kabla hujamaliza sentensi: "Ah, ile ya yule dada anayekufa kwa saratani." Nimelisikia hilo mara nyingi, tena kutoka kwa watu walioitazama na kulia hadi mwisho. Filamu hii naipenda, na naona tunaipunja tunapoisimulia vibaya.

Hillary hafi kwa saratani

Hillary Whitney, anayechezwa na Barbara Hershey, anaugua ugonjwa wa misuli ya moyo uliosababishwa na virusi. Virusi vya aina hiyo vikiushambulia moyo, misuli yake huvimba, na kwa baadhi ya wagonjwa moyo hutanuka na kulegea hadi ukashindwa kusukuma damu ya kutosha. Mgonjwa huchoka kwa kazi ndogo, pumzi humkatika, miguu hujaa maji. Wapo wanaopona, na wapo wanaoishi miaka mingi kwa dawa. Wengine hubakiwa na njia moja tu, kupandikizwa moyo wa mtu mwingine, upasuaji uliofanyika kwa mara ya kwanza duniani mjini Cape Town, Desemba 1967. Hillary yumo katika kundi hili la mwisho, na tishu zake ni za aina adimu, kwa hiyo moyo wa kumfaa hauelekei kupatikana.

Ukilijua hilo, utamwelewa vizuri zaidi pale kwenye nyumba ya ufukweni. Kwa mtu asiyejua anaonekana kama amesusa, kumbe mwili umemwishia nguvu. Binti yake Victoria anacheza na kucheka na CC, mwimbaji aliye rafiki wa Hillary tangu utotoni (anachezwa na Bette Midler), na mama mtu anatazama kwa mbali, hana hata pumzi ya kuwafuata.

"Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki"

Methali hii ndiyo tunayoibandika kwenye filamu hii siku zote, na hapa ndipo ninapobishana na wenzangu kwa muda mrefu zaidi. Siipingi methali. Nasema kwamba dhiki haikuwahi kuwatenganisha wanawake hawa wawili hata siku moja.

Hebu tuwafuate tangu mwanzo. Wanakutana Atlantic City mwaka 1957, wakiwa watoto. CC Bloom ni binti wa Bronx mwenye sauti kubwa na mdomo usiotulia. Hillary ametoka kwenye familia ya kitajiri ya San Francisco, na siku hiyo amepotea ufukweni. Wanaandikiana barua miaka na miaka. Wakiwa watu wazima, Hillary anatoroka maisha aliyopangiwa nyumbani, anahamia kwenye chumba cha CC huko New York na kufanya kazi ya uwakili wa haki za raia. Hawana fedha, na wanapendana. Baba yake Hillary anaugua, Hillary anarudi kwao kumuuguza, na urafiki haufi. Dhiki zote hizo wanazivuka.

Kinachowavunja ni neema. CC anaanza kung'aa jukwaani na kuolewa na John, mwongozaji wa tamthilia ambaye Hillary naye alikuwa na uhusiano naye. Hillary ameolewa na wakili, ana nyumba nzuri, na kazi yake ameiacha. Wanapokutana tena wanazozana, maneno makali yanatoka, na baada ya hapo barua za CC hazijibiwi tena. Hakuna aliyefiwa wala aliyefilisika. Kila mmoja amemtazama mwenzake na kuona kile ambacho yeye hana.

Nalijua jambo hili kwa uchungu wake. Shoga yangu wa tangu darasa la nne alipopata ufadhili wa kwenda kusoma nje, nilimpongeza kwa mdomo, kisha nikakaa miezi bila kumpigia simu. Alipofiwa na baba yake nilikuwa wa kwanza kufika, nikalala naye matanga yote. Watu walinisifu kwamba mimi ndiye rafiki wa kweli. Mwenyewe nilijua kwamba kulia naye kulikuwa rahisi, na kwamba pale alipohitaji mtu wa kufurahi naye sikuwepo.

Aliyekuwa na wivu si CC peke yake

Wengi hudhani wivu wote ulikuwa wa CC, kwa sababu ndiye mtoto wa mtaani na Hillary ndiye mwenye mali na uzuri. Sauti ya CC inatudanganya. Bette Midler anamcheza kwa kelele na vishindo, kila hisia iko nje, na sisi tunachukulia kwamba mwenye kupiga kelele ndiye mwenye kinyongo. Tazama upya pale wanapopatana San Francisco. Hillary, ambaye ndoa imemvunjikia na ana mimba, ndiye anayekiri kwamba alimwonea CC wivu, kwa kuwa CC aliyafanya yote aliyosema atayafanya. Kwangu hicho ndicho kiini cha filamu, kuliko hata kifo chenyewe. Miaka ya kimya inaelezwa kwa sentensi chache, na CC, ambaye hukosi kumsikia akiongea, safari hii analazimika kusikiliza.

Wimbo haukutungwa kwa ajili ya filamu

"Wind Beneath My Wings", wimbo tunaousikia karibu na mwisho wa filamu, uliandikwa na Jeff Silbar na Larry Henley mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Gary Morris aliufanya maarufu kwa wapenzi wa muziki wa kantri mwaka 1983, miaka mitano kabla ya filamu. Toleo la Bette Midler lilifika namba moja Marekani Juni 1989, na mwaka 1990 likashinda Grammy mbili, ya wimbo bora na ya rekodi bora ya mwaka. Oscar ya wimbo haikuweza kushindaniwa, kwa kuwa tuzo hiyo ni ya nyimbo zilizotungwa mahsusi kwa filamu. Beaches ilipata uteuzi mmoja tu wa Oscar, wa usanifu wa mandhari, na haikushinda.

Hata hivyo, nani angeamini kwamba haukuandikwa kwa ajili yao? Ni wimbo wa mtu aliyepata sifa akimshukuru mwenzake aliyebaki kivulini, na kivuli ndicho hasa alichokuwa akikilalamikia Hillary. CC anampa jibu, ila linakuja Hillary akiwa anaondoka.

Madogo mawili. Hiki si kisa cha kweli: kimetokana na riwaya ya Iris Rainer Dart ya mwaka 1985, na humo rafiki anaitwa Bertie. Na ile nyumba ya ufukweni ipo kweli, lakini iko kusini mwa California, Crystal Cove, kati ya Newport Beach na Laguna Beach, mbali sana na San Francisco.

Filamu haiishii kwenye mazishi

Wengi hukumbuka jua likizama, kisha makaburi, wakazima. Baada ya hapo kuna CC akimchukua Victoria amlee, akikiri kwamba hajui kama ataiweza kazi hiyo. Kuna CC jukwaani akiimba "The Glory of Love", wimbo uleule aliouimba alipokuwa mtoto, na Victoria akimsikiliza. Na picha inayofunga filamu inaturudisha Atlantic City, kwa wasichana wawili wanaokaribia kuagana, mmoja akimsihi mwenzake wasiache kuwasiliana, na mwenzake akimshangaa, kwani si wameshakuwa marafiki?