Nyutro ya inveta yako imefungwa wapi?

Friji lilikuwa likimpiga wakati inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa sola na betri kuwa wa nyumbani, inapowashwa tu. Mama mwenye nyumba, katika kijiji kisicho mbali na Wete, Pemba, alinieleza hivi: "Mwalimu, umeme wa ZECO ukiwepo nalifungua hata nikiwa peku, hakuna neno. Ukikatika tukawasha ya sola, mlango wake siushiki." ZECO ni shirika letu la umeme Zanzibar. Wanawe walikuwa wamemwambia ni unyevu, avae ndara.

Nafundisha ufundi wa umeme katika chuo cha mafunzo ya amali. Nilichomeka kisu ardhini uani, nikaweka ncha moja ya maltimita kwenye kisu na ya pili kwenye bati la friji. Ilisoma volti 108. Hakuna breka hata moja iliyoanguka, taa zote zinawaka vizuri, televisheni inaonesha. Nyumba nzima inafanya kazi, na kila chombo chenye bati na waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini, kiko tayari kumuua mtu.

Inveta ile ilitumwa na kijana wao aliyeko Marekani, ndani ya kontena pamoja na vitanda na baiskeli. Ubavuni imeandikwa 120/240 V, 60 Hz (Hz ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), na sehemu za kufungia waya ni tatu: L1, L2 na N. Fundi aliona 240 akasema hii ndiyo yetu. Akafunga L1 kwenye laivu ya nyumba, waya wenye umeme, L2 kwenye nyutro, waya wa kurudishia, na N akaiacha wazi.

Kosa lake si la kizembe. Ni kosa la mtu anayeamini kuwa nyutro ni waya ulioumbwa ukiwa mtulivu. Nyutro haikuumbwa hivyo. Ndani ya transfoma kuna waya uliozungushwa, wenye ncha mbili, na ncha zote mbili ni sawa. Kwetu, ncha moja hufungwa ardhini pale pale kwenye transfoma, na kwa kufungwa huko tu ndipo inapoitwa nyutro. Ile ya pili inabaki volti 230 juu ya ardhi, nayo ni laivu. Mtu aliyesimama juu ya ardhi akigusa nyutro hasikii kitu kwa sababu yeye na nyutro wamefungwa mahali pamoja.

Marekani hawafungi ncha. Wanafunga katikati. Kwa hiyo ncha zote mbili ni laivu, kila moja volti 120 kutoka ardhini, zikivutana kinyume, na ukipima ncha kwa ncha unapata 240. Taa na soketi za kawaida hutumia ncha moja na katikati. Jiko na mashine kubwa hutumia ncha zote mbili. Ni mfumo mzuri kwao, na nyumba zao zimejengwa kwa huo. Lakini katika inveta ya aina hiyo, L2 haiwezi kamwe kuwa nyutro. Ni laivu ya pili.

Sasa tuirudie nyumba ya Wete. Chenjiova iliyokuwepo, swichi ya kuihamisha nyumba kati ya ZECO na inveta, ilikuwa ya kukata laivu peke yake, kwa hiyo nyutro ya nyumba ilibaki imeungana na nyutro ya ZECO hata umeme ukiwa umekatika, na nyutro ya ZECO imefungwa ardhini kwenye transfoma. Fundi alipoiunganisha L2 na waya huo, aliibana laivu ya pili ardhini. Huku nako, N ya inveta imeungwa na bati lake tokea kiwandani, na bati limefungwa kwenye rodi ya ethi ya nyumba, fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini. Volti 120 zikapata njia: kutoka L2 hadi ardhi ya transfoma, kupita kwenye udongo, kurudi kwa rodi ya nyumba. Rodi ile nilipoipima ilikuwa na ohm 90. Ya transfoma tuifanye ohm 10. Jumla 100, kwa hiyo mkondo ni ampea 1.2, na sehemu ya volti inayobaki kwenye rodi ya nyumba ni 108. Namba ile ile iliyosomwa kwenye friji. Breka ya ampea 20 haiwezi kuiona ampea 1.2, na nyumba haikuwa na breka ya uvujaji, ile inayokata umeme ukitorokea ardhini. Waya wa ethi, uliowekwa kumlinda mama yule, ndio uliompelekea umeme mkononi.

Tuliitoa inveta ile tukaweka ya 230 V, 50 Hz. Paneli na betri zilibaki, kwani upande wa DC, yaani wa umeme wa betri, hauna laivu mbili wala Hz. Na hata kama waya zingefungwa kwa njia salama, Hz zenyewe zingeleta taabu. Mota ya pampu iliyotengenezwa kwa Hz 50, ukiilisha 60, inataka kuzunguka kwa kasi zaidi kwa asilimia 20, na pampu ya kuzungusha maji ikiongezwa kasi kiasi hicho huhitaji nguvu zaidi kwa asilimia 73 hivi. Mota inaungua, na watu wanalaumu kisima. Anayenunua nje ajue kuwa Oman na Dubai ni Hz 50 kama sisi, ila Saudi Arabia na Marekani ni 60. Zipo inveta za kisasa zinazokubali kubadilishwa kwenye menyu, kutoka laivu mbili kwenda fezi moja ya 230. Hizo sawa, bora mpangilio uhakikiwe kabla waya wowote wa nyumba haujaguswa.

Kuna jambo la rangi pia, nalo linanitia hofu kuliko yote. Katika nyumba zetu za zamani, zilizofungwa kwa rangi za Kiingereza, mwekundu ni laivu, mweusi ni nyutro na kijani ni ethi. Marekani mweusi ni laivu, mwekundu ni laivu ya pili, na nyutro ni mweupe. Fundi wa zamani akikutana na waya zilizokuja na inveta ya huko, ataushika mweusi akiwa na utulivu wa moyo. Wala usidhani rangi mpya, kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro, zimeondoa hatari. Nyumba nyingi zina rangi zote mbili, chumba cha zamani na kibanda kipya. Pima, kisha amini.

Wengi mtasema inveta zetu ni za 230, zenye L na N, basi hayo hayatuhusu. Yanawahusu, kwa mlango mwengine.

Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka bara, na Pemba inapata wake kutoka upande wa Tanga tangu 2010. Kebo ya Unguja ilipoharibika mwaka 2008, mji ulikaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010. Wakati ule kila aliyejiweza alinunua jenereta, na ukutani zikapachikwa chenjiova za haraka haraka. Jenereta zimekwisha kuwa chuma chakavu. Chenjiova ziko pale pale, na sasa zimefungiwa inveta.

ZECO ikikatwa kikamilifu, laivu na nyutro pamoja, ni nani anayeifunga nyutro ya inveta ardhini? Mara nyingi hakuna. Nyutro inaelea. Breka ya uvujaji, ile yenye kitufe kidogo cha T, inafanya kazi kwa kulinganisha mkondo unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, inaanguka. Nyutro ikiwa inaelea, laivu ikigusa bati la friji hakuna njia ya kurudi, hakuna tofauti, na breka inabaki imesimama. Hitilafu ya kwanza inakaa kimya. Ya pili, labda kwenye mashine ya kufulia na kwa upande wa nyutro, ndiyo inayomkuta mtu kashika vyombo viwili. Na kitufe cha T ukikibonyeza breka itaanguka vizuri tu, kwa sababu kinaipima breka yenyewe ndani kwa ndani, hakipimi ethi yako. Nimewaona mafundi wazuri wakikitegemea.

Kwa hiyo inveta ikiwa ndiyo inayolisha nyumba, nyutro yake lazima iungwe na ethi, mahali pamoja tu, kabla ya breka ya uvujaji. ZECO ikirudi, muungano huo ufunguke wenyewe. Ukiuacha ukiwa umefungwa wakati wote, siku nyutro ya mtaa inapokatika nguzoni, mkondo wa majirani utatafuta ardhi kupitia rodi yako. Inveta nyingi za sasa zina swichi ya ndani inayofanya kazi hiyo, lakini nyengine huja ikiwa imezimwa kwenye menyu. Muulize fundi wako swali hilo moja, akuoneshe kwenye kitabu cha inveta. Na chenjiova iwe ya kukata waya zote mbili. Aliye juu ya nguzo ana watoto wanaomsubiri, asikutane na umeme wa paa lako. ZECO nao waambiwe kabla hujaunganisha.

Fundi ana njia ya kuhakikisha. Mein swichi ikiwa imezimwa na inveta ikiwa inalisha, apime laivu kwa nyutro, laivu kwa ethi, nyutro kwa ethi. Inatakiwa 230, 230 na karibu na sifuri. Akipata kama 115 na 115 kwenda ethi, asikimbilie kusema ni laivu mbili. Nyutro inayoelea nayo husoma hivyo hivyo, kwa umeme mdogo unaopenya kwenye kapasita za ndani. Taa ya zamani ya uzi ikiwekwa kati ya laivu na ethi itatenganisha mambo: ikiwaka kwa mwanga hafifu, ni laivu mbili za kweli, isipowaka na volti zikaporomoka, nyutro inaelea. Hii ni kazi ya fundi, si ya mwenye nyumba.

Imebaki ardhi yenyewe. Magharibi ya Unguja na kwenye vilima vya Pemba rodi ya mita moja na nusu inazama kwa nyundo. Ukienda Makunduchi, Jambiani au Micheweni, ni maweni. Rodi inagonga jiwe kwa sentimita 40, fundi anaikata kwa msumeno na kuifunika mchanga. Mimi nimezifukua. Pale rodi haizami, chimba mtaro mrefu ulaze waya mtupu wa shaba kwenye udongo utakaoupata, au tia rodi kadhaa zilizoachana kwa mara mbili ya urefu wake na uziunganishe. Chumvi usitie. Masika moja inaiosha, na kabla haijaondoka inaila klampu. Pima wakati wa kaskazi, Januari au Februari ardhi ikiwa imekauka, kwa sababu rodi inayosoma ohm 60 mwezi wa Mei huweza kukudanganya.

Hata ohm 90 si msiba, kama breka ya uvujaji ipo na nyutro imefungwa. Laivu ya ZECO ikigusa bati, volti 230 kwa ohm 100, pamoja na zile 10 za transfoma, ni ampea 2.3. Breka ya kawaida imelala, ila ya miliampea 30 itakuwa imeshaanguka. Na inveta ya kilowati 5 hutoa ampea 22 tu au kidogo zaidi, haina nguvu ya kuiangusha breka ya 32 kwa haraka kama ZECO inavyoweza. Ndiyo maana kwenye nyumba ya sola siikubali kazi isiyokuwa na breka ya uvujaji, hata mwenye nyumba aseme fedha zimekwisha.

Fremu za paneli nazo zifungwe kwenye ethi ile ile moja, si kwenye rodi ya pembeni iliyo peke yake. Waya mtupu wa shaba usigusane na alumini ya fremu. Kwa upepo wetu wa bahari alumini inaliwa. Tumia lagi, vichwa vya kubania waya, zilizopakwa bati na bolti za chuma kisichoshika kutu, kisha panda kuzitazama kila mwaka.

Nyumba ile ya Wete tuliongeza rodi mbili upande wa mgombani, ambako maji ya kuoshea vyombo humwagika kila siku. Ethi ikashuka hadi ohm 31. Tukazima ZECO, tukawasha inveta, nikaweka ncha kwenye friji na kisu kile kile uani. Ilisoma sifuri. Mama alisubiri dakika nzima kabla ya kuushika mlango.