Palnatoke na kiapo cha Jomsborg

Saga (simulizi ndefu ya kale) ya Wajomsviking, udugu wa wapiganaji wa Kiviking, iliyoandikwa Iceland miaka ya 1200 hivi, inamsifu Palnatoke wa kisiwa cha Fyn, Denmark, kama mlenga shabaha asiye na mfano. Ndiye aliyemfuma mshale mfalme Harald Bluetooth (ndiyo, huyo huyo ambaye jina lake limo kwenye simu yako) alipokuwa akiota moto usiku. Baadaye akajenga Jomsborg, ngome ya pwani ya kusini ya Baltiki, yenye bandari ya kutosha merikebu 360.

Masharti ya udugu wake yalikuwa makali. Chini ya miaka 18 hupokelewi, zaidi ya 50 vivyo hivyo. Huruhusiwi kumkimbia mtu wa nguvu sawa na zako. Mwenzako akiuawa, unamlipizia kisasi kama ndugu yako wa tumbo moja. Ngawira yote ni ya wote, na mwanamke haingii ngomeni.

Wengi huyanukuu masharti haya kama katiba ya kweli. Mimi naona msimulizi aliyaweka ili tuyatazame yakivunjwa. Vagn, mjukuu wa Palnatoke, anafika langoni akiwa na miaka 12, anapigana, anapokelewa. Sigvaldi, aliyerithi uongozi, ndiye anayekimbia kwenye vita vya Hjörungavágr, Norwe, yapata mwaka 986, mvua ya mawe ikiwachapa usoni na jeshi la Jarl (mtawala) Hákon wa Norwe likiwabana.

Waliobaki wanakamatwa na kufungwa kamba moja, wasubiri shoka. Kijana mmoja mwenye nywele ndefu anaomba zishikwe zisichafuke damu. Askari anazizungusha mikononi mwake. Shoka linaposhuka, kijana anavuta kichwa ghafla, na mikono ya askari ndiyo inayokatika. Eirik, mwana wa Hákon, anamsamehe. Kisha ikafika zamu ya Vagn. Akafanikiwa kumuua mwenye shoka, na Eirik alipomwahidi uhai akakataa kuupokea peke yake: ama wenzake wote waliosalia, ama hakuna. Yule aliyeingia kinyume cha masharti ndiye aliyekishika kiapo hadi mwisho. Kwangu huo ndio moyo wa saga nzima.

Je, ni kweli? Vita ninaviamini, kwa kuwa washairi wa zama zile zile walivitungia mashairi. Mji pia ulikuwepo: wataalamu wengi huuweka Wolin, Polandi, ambako wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua magati, karakana na nyumba za mbao. Adam wa Bremen, mwandishi wa historia wa Kijerumani, katika miaka ya 1070 aliusifu kuwa mkubwa kuliko miji yote ya Ulaya. Lakini ni mji wa wafanyabiashara, Waslavi wengi wao, na bandari ya merikebu 360 haijaonekana.

Palnatoke mwenyewe hana shahidi wa wakati wake. Saxo, mwanahistoria wa Denmark, anaye Toko aliyelazimishwa na Harald kulenga tufaha kichwani mwa mwanawe, kisa kilekile ambacho Waswisi walikuja kukisimulia kuhusu shujaa wao Wilhelm Tell. Nadhani palikuwa na chifu fulani wa Fyn, na kila kizazi cha wasimulizi kikamwongezea mshale.