Je, wajua VVU vinaingiaje ndani ya kiini cha seli bila kupiga hodi?

Mtu anayemeza ARV ataambiwa kliniki asiruke dozi, kwa sababu virusi "vimejificha" na vikiachwa vitaamka. Vimejificha wapi? Ndani ya kiini cha seli, tena si pembeni: vimejichomeka katikati ya DNA ya mwenye seli. Lakini kiini kimezungushiwa utando wa tabaka mbili usiopitisha kitu ovyo. Sasa VVU vilifikaje huko?

Njia ni kwenye matundu. Yalionekana mara ya kwanza mwaka 1950, wanasayansi Callan na Tomlin walipochunguza mayai ya amfibia kwa hadubini ya elektroni, na kiini kimoja cha seli ya binadamu kinaweza kuwa nayo 2,000 au zaidi. Jina "tundu" lisikudanganye, maana si kitobo kama cha kanga iliyodondokewa na kaa la moto. Kila moja ni jengo la duara lenye pande 8 zinazofanana, limeundwa kwa aina 30 hivi za protini ziitwazo nyukleoporini, na ukihesabu nakala zote zinafika karibu 1,000.

Nyingi kati ya hizo ni nguzo na boriti tu. Uhondo uko kwenye zile zenye mikia. Mikia hiyo hailali kwa umbo lolote maalumu, inaning'inia katikati ya tundu, na kila baada ya hatua chache ina jozi ya asidi amino (vijenzi vya protini) mbili: fenilalanini, ambayo haipendi maji, na glisini. Jozi hizi hugusana, hunatana kidogo, kisha huachana. Kwa hiyo ukitaka kuuelewa mlango huu, usifikirie mbao za mninga na komeo. Fikiria sufuria ya mlenda. Maji, chumvi, sukari na protini ndogo hupenya humo bila kumwuliza mtu. Protini kubwa, kuanzia kilodaltoni 40 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli), hukwama.

Anayepita kwa raha ni mchukuzi. Seli ina protini za kazi hiyo, importini, ambazo mwili wake umejaa vishimo vinavyopokea fenilalanini moja moja, basi huzama ndani ya mlenda na kutokea upande wa pili. Mzigo nao lazima upige hodi. Hodi iliyo maarufu kuliko zote ilipatikana mwaka 1984 katika kirusi cha nyani kiitwacho SV40: asidi amino 7 tu, 5 kati yake zikiwa na chaji chanya. Importini huitambua hodi hiyo, hubeba mzigo, na ikishafika ndani, protini ndogo iitwayo Ran huitua mzigo huo. Tundu moja linaweza kupitisha mizigo ipatayo 1,000 kwa sekunde. Sijui bandari inayofikia hapo.

Mlenda huu ukikaa pasipo pake, au jengo likiwa na nguzo mbovu, mtu huumwa. Katika baadhi ya saratani za damu, jeni ya nyukleoporini Nup98 hukatika na kuungwa na jeni nyingine, mikia yake ikaishia kung'ang'ania mahali pa kuwasha na kuzima jeni. Na kuna watoto wanaolia bila kutoa chozi. Wanalia kweli, uso umekunjamana, mashavu makavu. Baadaye chakula huwakwama njiani kuelekea tumboni, na tezi zilizo juu ya figo hushindwa kutoa homoni za kutosha. Chanzo ni hitilafu kwenye nyukleoporini moja, ALADIN.

Turudi kwa VVU. Kwa miaka mingi watafiti walikuwa wakiitafuta hodi yake, wakishuku protini hii mara ile. Walikuwa na shida nyingine pia, ya vipimo. VVU husafirisha vinasaba vyake ndani ya ganda lenye umbo la pia, kapsidi, lenye upana wa nanomita 60 hivi, na tundu lilipopimwa nje ya seli lilionekana kuwa na uwazi wa nanomita 40 tu. Ikaaminika kwamba ganda lazima livunjike kwanza. Kumbe tundu lililo ndani ya seli yenyewe huwa limetanuka zaidi, na mwaka 2021 watafiti nchini Ujerumani walionyesha picha za kapsidi nzima, haijavunjika, ikiwa katikati ya tundu.

Hodi je? Mwaka 2024, timu za Sydney na Göttingen zilionyesha kwamba kapsidi haipigi hodi kabisa, wala haihitaji kubebwa na importini. Imeundwa kwa nakala 1,500 hivi za protini moja, na kila nakala ina kishimo kinachopokea jozi ileile ya fenilalanini na glisini. Yaani haikuja kama mgeni. Imevaa sare ya mchukuzi. Huzama kwenye mlenda, na upande wa ndani hudakwa na nyukleoporini nyingine, Nup153. Ndiyo maana VVU havihitaji kusubiri seli igawanyike na utando wa kiini ufunguke, kama vinavyofanya baadhi ya virusi jamaa zake.

Kishimo hicho hicho ndicho kinachozibwa na lenacapavir, dawa inayochomwa mara 2 kwa mwaka. Dawa ikikaa humo, fenilalanini haina pa kushika, na ganda lenyewe huharibika. Katika jaribio la kinga lililofanyika Uganda na Afrika Kusini, matokeo yake yakatolewa mwaka 2024, wasichana na wanawake vijana 2,134 walipewa sindano hiyo. Aliyeambukizwa: hakuna hata mmoja. Huchomwa chini ya ngozi, mara nyingi ya tumbo, na baadhi ya watu hubaki na kinundu kinachopapasika kwa kidole. Dawa imekaa hapo, ikivuja kidogo kidogo kwa miezi 6.