"Mbona aliendelea kumjibu meseji?"

Kila msanii au mwigizaji akisema alibakwa na bosi wake kazini, hili swali linarudi: mbona alirudi lokesheni, mbona alimjibu kwa upole? Watu wanaona kesi imeisha hapo. Siyo kweli jamani. Kwenye kesi ya Harvey Weinstein, prodyuza mkubwa wa filamu wa Marekani aliyeshtakiwa kwa ubakaji, kule New York mwaka 2020, mahakama ilionyeshwa barua pepe za kirafiki ambazo wanawake walimwandikia baadaye, na daktari wa akili Barbara Ziv akaeleza kwamba kuendelea kuwasiliana na aliyekuumiza ni jambo la kawaida. Fikiria, huyo mtu ndo anagawa nafasi, anajuana na kila prodyuza, kodi inakungoja, na wewe bado unajiambia labda haikuwa vile, sasa utamjibu vipi?

Kwa hiyo mwenzako akikwambia, mwambie nakuamini, usimhoji kama polisi. Kama ni jana au juzi, msindikize hospitali mapema, yasipite masaa 72, maana dawa za kuzuia VVU zina muda wake, na nguo alizovaa asizifue, ziwekeni kwenye mfuko wa karatasi siyo wa nailoni. Kuripoti aamue mwenyewe. Na kama wiki hiyo ana siku ya kushuti na huyo mtu, muulize kama anataka uende naye.