Kuweka kufuli la boneti, na njia ya kulifungua likigoma

Mwizi wa betri hana haja ya kuvunja kioo. Anapitisha waya uliokunjwa ndoana kwenye uwazi wa grili, au analala chini ya bampa, anaunasa waya wa boneti karibu na komeo na kuuvuta. Boneti inainuka kidogo, anasukuma ndoana ya usalama kwa kidole, na kwa spana namba 10 betri iko mikononi mwake. Gari likiwa na kontroli boksi (kompyuta ya injini) upande wa injini, nayo inaweza kuondoka, na hiyo ni ghali kuliko betri mara nyingi.

Udhaifu uko kwenye njia ya huo waya. Kwenye gari nyingi za usukani wa kulia, mkono wa kufungulia uko chini ya dashibodi upande wa dereva. Waya unapita kando ya fenda, kisha unakata kona juu ya rejeta hadi kwenye komeo la katikati. Kipande cha mwisho kinakaa nyuma tu ya grili. Kwa hiyo kabla sijagusa kufuli lolote, nakata bati la chuma la milimita 1.5 hadi 2 na kulikunja lifunike komeo na mwisho wa waya, nikiacha nafasi komeo licheze. Ni kazi ndogo, na hata ukiweka kufuli bora kiasi gani, bati hilo lisikose.

Makufuli yenyewe ni ya aina mbili. La umeme lina mota inayofunguliwa kwa swichi ya siri. Betri ikifa, boneti haifunguki na betri iko ndani. Anayelitaka lazima awekewe nyaya mbili zilizofichwa, zinazokwenda moja kwa moja kwenye mota, ili lipewe volti 12 kutoka nje. Mimi nashauri la ufunguo: silinda ya kuingizia ufunguo chini ya dashibodi, kebo ndani ya ala ya chuma, mwili wa kufuli kwenye fremu ya juu ya rejeta, na pini inayoning'inia kwenye boneti.

Kupata mahali pa pini ndiko kunakokula muda, na usikuharakishe. Weka donge la unga uliokandwa pale unapotaka mwili wa kufuli ukae, shusha boneti mpaka ifunge, ifungue, kisha pima unene uliobaki. Huo ndio urefu ulio nao. Pini ifungwe kwenye fremu ya ndani ya boneti, kamwe isishikiliwe na bati la nje, ambalo halifiki hata milimita 1. Biti ya drili ikipenya ghafla inalitoboa au kuacha kivimbe kwenye rangi. Vika biti kipande cha bomba, ibaki milimita 5 tu nje, na haitaweza kuzama zaidi. Kupata kitovu, paka grisi kwenye ncha ya pini, shusha boneti taratibu iguse kufuli, na alama itakuonyesha umekosea upande gani.

Upande wa rejeta, ondoa kwanza terminali hasi ya betri, kisha tazama kilicho nyuma ya unapotoboa. Kondensa ya eya-kondishina iko mbele ya rejeta, na tundu la sindano tu linamwaga gesi yote. Simamisha ubao kati ya biti na kondensa. Sensa za eabegi nazo hukaa eneo hilo. Usizihamishe wala kugonga nyundo karibu nazo. Ukimaliza, futa unga wote wa chuma na upake praima kwenye kingo za matundu. Kwa magari ya Dar, Tanga au Mombasa, chumvi ya hewani haisamehe chuma kilichoachwa wazi.

Kebo ipite kwenye raba ya ukuta ulio kati ya injini na ndani ya gari, pazibwe kwa silikoni, la sivyo maji yatafika chini ya kapeti. Kona yoyote iwe pana, nusu kipenyo isipungue sentimita 10. Iwe mbali na egzosi, feni na mkanda, na ndani isiguse pedali wala shafti ya usukani. Silinda usiiweke mbele ya goti la dereva.

Sasa ile hatua ambayo wengi huiruka. Boneti ikiwa bado wazi, ingiza shina la bisibisi kwenye kufuli kana kwamba ni pini, lijifunge, kisha fungua kwa ufunguo. Rudia mara 20. Ndipo ushushe boneti. Kufuli likishajifunga, pini ibaki na mchezo wa milimita 1 hadi 2. Uzito na mtikisiko vibebwe na komeo la kiwandani, na ndoana yake ya usalama isiondolewe. Pini ikibana, ufunguo unakuwa mzito, kebo inavutwa kupita kiasi na siku moja inakatika.

Ndiyo maana sikabidhi gari lisilo na kebo ya dharura. Ni kebo ya pili ya chuma, milimita 2, iliyofungwa kwenye mkono wa kufuli na kupelekwa mahali panapofikika kwa jasho: nyuma ya plastiki ya ndani ya fenda, ambako lazima gurudumu litolewe kwanza. Ikiishia nyuma ya grili umempa mwizi waya mwingine. Ijaribu nayo kabla ya kurudisha plastiki, na mwonyeshe mwenye gari kwa macho yake.

Mweleze pia kwamba fundi mwingine atakayeachiwa gari aambiwe kuna kufuli, maana akikuta boneti imegoma ataivuta kwa nguvu na kuipinda. Kila miezi 6, na hasa baada ya masika, kebo idondoshewe oili na pini ipakwe grisi. Ufunguo wa akiba ukae nyumbani, si ndani ya gari.