Miundombinu ya kijani katika maeneo ya viwanda ni nini?

Miundombinu ya kijani ni mpangilio wa udongo, mimea, mabonde madogo na sakafu zinazopitisha maji, unaotengenezwa kwa makusudi ili mvua inywewe na ardhi karibu na ilipoangukia, badala ya kukimbizwa mbali kwa mitaro ya zege.

Kwa mfano, Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mvua hiyo si nyingi, lakini mara nyingi hushuka kwa kishindo juu ya ardhi iliyokauka. Chukua ghala la Kizota, eneo la viwanda la Dodoma, lenye paa la mabati la mita za mraba 2,000. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 30 huteremsha kutoka paa hilo lita 60,000, yaani maboza sita ya lita 10,000, na yote huelekea mtaroni kwa pamoja. Wagogo husimulia kwamba jina la mji limetokana na tembo aliyezama topeni. Katika yadi iliyosakafiwa yote, hata maji hayana pa kuzama.

Njia nyepesi kuliko zote ni bustani ya mvua: bonde pana, lenye kina kisichofika goti, lililojazwa udongo wa kichanga na kupandwa nyasi na vichaka vinavyostahimili kiangazi cha miezi saba. Mfereji wa paa humwaga hapo, maji hutuama, kisha huzama ndani ya siku moja au mbili, kabla mbu hawajapata muda wa kuzaliana. Yanayozidi hutokea kwenye tundu la juu kuelekea mtaroni. Pale penye udongo mzito wa mbuga, yaani mfinyanzi mweusi usiopitisha maji kwa urahisi, bonde hilo hupungua faida isipokuwa liwekewe kokoto na bomba lenye matundu chini yake.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kuzamisha kila tone. Maji ya paa ni safi kiasi, lakini ya mahali pa kujazia dizeli au kuoshea malori hubeba mafuta, na mji huu hutegemea sana visima vya Makutupora. Hayo yabaki juu ya zege na kupitishwa kwanza kwenye chemba ya kutenganisha mafuta.

Udongo unaoletwa na maji huziba bonde polepole, kwa hiyo kila Novemba mtu mwenye koleo aondoe tabaka la matope makavu penye mdomo wa mfereji.